Ukuta wa bakteria: dhana potofu na ukweli

"Ukuta wa bakteria ni ganda; ukishajengwa, kazi imekwisha." Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Ukuta huo ni wavu wa peptidoglaikani, yaani nyuzi za sukari zilizofungamanishwa kwa minyororo mifupi ya asidi amino, nao hufumuliwa na kufumwa upya muda wote. Bakteria Escherichia coli hufumua karibu nusu ya ukuta wake katika kila kizazi na kutumia tena vipande vyake. Asipofumua hakui. Akifumua ovyo, msukumo wa maji ulio ndani yake unampasua.

"Machozi na mate huua bakteria wote." Laiti ingekuwa hivyo! Ni kweli yana lisozaimu, kimeng'enya alichokieleza Alexander Fleming mwaka 1922, ambacho hukata zile nyuzi za sukari. Lakini Staphylococcus aureus hubandika kipande kidogo cha kemikali kiitwacho asetili juu ya mojawapo ya sukari mbili za nyuzi hizo, na kimeng'enya kinakosa pa kushika. Bakteria wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, huweza pia kufanya kinyume: hubandua asetili kwenye sukari ya pili, na lisozaimu inakwama vilevile. Kisha kuna ujanja wa chaji, ambao mimi naupenda zaidi. Silaha nyingi za kinga ya mwili ni peptidi zenye chaji chanya, hivyo huvutwa na ukuta wenye chaji hasi. Staphylococcus huongeza alanini, aina ya asidi amino, kwenye ukuta wake, uhasi unapungua, na mvuto unalegea.

"Ukuta mnene ndio imara zaidi." Si lazima. Katika mbinu ya rangi ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884, wenye ukuta mnene hubaki na rangi ya zambarau. Wenye ukuta mwembamba huipoteza, ila wao wana utando wa ziada kwa nje, unaozuia molekuli kubwa kama dawa ya vankomisini kupenya.

"Penisilini hubomoa ukuta." Haibomoi chochote. Huvifunga mikono vimeng'enya vinavyofungamanisha wavu, huku vile vya kufumua vikiendelea na kazi. Bakteria hujimaliza mwenyewe. Ndiyo maana aliyelala bila kukua huweza kunusurika. Nao bakteria wa Mycoplasma hawana ukuta kabisa, kwa hiyo penisilini ikiwafikia haina cha kuzuia.