Weka kikomo kabla ya kuorodhesha: bajeti ya makato ya kila mwezi

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kupanga fedha zao za nyumbani, na siku hizi hatumalizi kikao bila kufika kwenye huduma za usajili: filamu, muziki, hifadhi ya picha, gemu za watoto, ukumbi wa mazoezi, programu za kuhariri video. Wengi huja wakiwa wameshaorodhesha wanachokatwa, wamejumlisha, na jumla hiyo wanaiita bajeti. Hapo huwa nawasimamisha. Kujumlisha kunakuonyesha pesa ilikokwenda. Bajeti ni kiasi ulichokiamua wewe kabla pesa haijatoka.

Kwa hiyo tuanze na kikomo. Chukua mapato ya 1,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile. Ondoa kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada za shule, madeni na akiba. Tuseme zimebaki 200. Hizo ndizo zinazogharimia nguo, zawadi, matembezi na starehe zote, na mimi hushauri huduma za usajili zisizidi robo yake, yaani 50. Robo ni maoni yangu kutokana na kazi hii. Mwenye watoto wachache na mapenzi makubwa ya sinema anaweza kuisogeza. Ninachosisitiza ni kwamba asilimia ichukuliwe kwenye kilichobaki, wala si kwenye mshahara mzima. Mtu mwingine mwenye mapato hayohayo ya 1,000, lakini anayelipa mkopo na kusomesha, huenda akabaki na 60. Ukimwambia atumie asilimia 5 ya mshahara, umempa ruhusa ya kumaliza 50 kati ya 60 zake. Kwa robo ya kilichobaki, kikomo chake ni 15, na maisha yake yanapumua.

Zana za kazi zisiingizwe humu. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa usajili, na leo zana nyingi za kazi hulipiwa hivyohivyo. Kwa msanifu anayeishi kwa kazi hiyo, malipo haya ni gharama ya biashara na yapimwe kwa kipato yanacholeta. Ila tuwe wakweli: programu uliyoichukua ukitarajia kuanza biashara siku moja bado ni starehe, na nafasi yake ni chini ya kikomo.

Ukishakuwa na kikomo, fungua taarifa za benki, za kadi na za pesa za simu za miezi 12 nyuma. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu malipo ya mwaka hujitokeza mara moja tu, na mara nyingi chini ya jina la kampuni usilolitambua. Kila la mwaka ligawe kwa 12 na kiasi hicho ukitenge kila mwezi.

Kuhusu punguzo la mwaka, fanya hesabu kabla ya kufurahi. Huduma ya 12 kwa mwezi ikiuzwa 120 kwa mwaka, umepunguziwa miezi miwili. Ukiacha kuitumia kabla ya mwezi wa kumi, ungelipa kidogo zaidi kwa kulipia mwezi mmoja mmoja. Ninaowashauri huchukua mkataba wa mwaka kwa kile tu ambacho wameshakitumia mwaka mzima bila kuchoka.

Sasa tuje kwenye swali zito: kipi kibaki? Watu hutazama bei, na bei peke yake inadanganya. Gawa bei kwa idadi ya mara ulizotumia. Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 utafiti wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani. Waliochagua mkataba wa ada ya mwezi, ya zaidi ya dola 70, walifika kwa wastani mara 4.3 kwa mwezi. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali kulikuwa na tiketi ya ziara kumi ambayo ingewagharimu dola 10 kwa ziara. Tena walipoacha kwenda, zaidi ya miezi miwili ilipita kabla hawajasitisha mkataba. Naupenda utafiti huu kwa sababu unawaondolea watu aibu. Mkataba ulikuwa ukijihuisha wenyewe, na kitu kinachojihuisha hakikulazimishi kukikumbuka.

Hifadhi ya mtandaoni haipimwi kwa mara za kutumia, maana inafanya kazi hata usipoigusa. Hapo jiulize kama unalipia picha au takataka. Google hutoa GB 15 bure na iCloud, hifadhi ya Apple, GB 5. Video zilizojirudia zikifutwa, baadhi ya watu hurudi chini ya kiwango hicho. Ukiamua kuacha, pakua mafaili yako kwanza, hakikisha yanafunguka, ndipo usitishe.

Kwa huduma za filamu na tamthilia mimi napendelea zamu. Moja kwa wakati mmoja, ukimaliza ulichokifuata unasitisha na kuhamia nyingine. Nyingi unaweza kusitisha leo na bado ukatazama hadi mwisho wa kipindi ulicholipia. Wanaoishi nyumba moja waangalie pia kifurushi cha familia: cha huduma ya muziki ya Spotify, kwa mfano, kinachukua watu hadi sita wa anwani moja, na nimekutana na nyumba ambazo kila kijana alikuwa akilipia chake.

Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ingia kwenye akaunti yako ya App Store au Google Play, fungua orodha ya usajili na usitishe humo. Kama ulijiunga kupitia tovuti ya kampuni, sitisha kwenye tovuti hiyo. Apple inataka usitishe angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kuhuishwa, kwa hiyo kikumbusho cha jaribio la bure kiweke siku mbili kabla ya mwisho wake.

Bei zitapanda, hilo lisikushtue. Taarifa ya bei mpya ikifika, kikomo hakisogei. Kaeni wote wa nyumbani, jumlisheni upya kwa bei hiyo, na ikizidi, kitoke kile ambacho kila matumizi yake yanawagharimu zaidi. Kikomo chenyewe kitabadilika siku kilichobaki baada ya mahitaji kitakapobadilika, kipande au kishuke.