Nyoka wa chupani na kilebo chake

Ukifungua chupa ya nyoka kwenye ghala la makumbusho, harufu ya spiriti ndiyo hukupokea kwanza. Nyoka mwenyewe amejikunja kama kamba, mgumu kidogo kwa sababu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia, aliyodungwa kabla ya kutiwa kwenye alkoholi. Mwilini amefungwa kilebo chenye namba kwa uzi. Namba huandikwa kwa penseli au wino maalumu, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, nawe ukabaki na nyoka asiye na kwao.

Tuwatazame nyoka-mfalme na nyoka wa maziwa wa bara la Amerika, wote wa jenasi ya Lampropeltis, yaani kundi moja la spishi za karibu. Hao wa pili wamesingiziwa tu: wakulima waliwakuta mazizini wakadhani wananyonya ng'ombe, kumbe walifuata panya. Wengi wao wakiwa hai wana pete nyekundu, nyeusi, na njano au nyeupe. Chupani wekundu hufifia ukawa kama maziwa yaliyochacha, weusi ukabaki. Basi tunalotegemea ni daftari: alikamatwa wapi, lini, na nani.

Hilo la "wapi" ndilo hututoa jasho. Kwa miaka mingi nyoka wa maziwa walihesabiwa spishi moja, Lampropeltis triangulum, yenye nususpishi 25. Mwaka 2014 utafiti wa vinasaba ukaigawa kuwa spishi 7. Sasa chukua chupa kuukuu iliyoandikwa "Texas", basi. Kusini mwa jimbo hilo la Marekani iko spishi ya annulata, kaskazini iko gentilis, zote mbili kati ya zile saba, na Texas ni kubwa kuliko Kenya nzima. Aliyeandika jina la kijiji na umbali kutoka darajani alitusaidia kuliko aliyeandika jina refu la Kilatini.

Mfano ninaoupenda unatoka Sandhills, katika majimbo ya Carolina, Marekani. Huko nyoka-mfalme mwekundu, Lampropeltis elapsoides, asiye na sumu, humwiga nyoka-marijani mwenye sumu kali ili wanyama wawindao wamwogope. Nyoka-marijani walitoweka hapo karibu mwaka 1960. Ungetarajia mwigaji alegee, kwa kuwa yule anayeigwa hayupo tena. Watafiti wakapima upana wa pete za nyoka waliohifadhiwa tangu miaka ya 1970 na za wale wa miaka ya karibuni, wakakuta kinyume: hawa wa karibuni wanafanana zaidi na nyoka-marijani. Rangi zilififia, lakini upana wa pete ulipimika, na tarehe za kwenye vilebo ndizo zilizowapanga nyoka hao kwa mfuatano wa miaka.

Ukiziweka kumbukumbu hizi kwenye ramani, usishangae vitone vikijipanga kando ya barabara. Wakusanyaji wengi huwatafuta nyoka usiku wakiwa ndani ya gari, taa zikimulika lami. Ramani hiyo, kwa sehemu, ni ya madereva.