Je, wingi wa data umeifuta kazi ya nadharia?

Wengi huamini kwamba kompyuta ikipewa data za kutosha, nadharia ya kisayansi haihitajiki tena. Imani hiyo ina msingi: data nyingi hutabiri vizuri mambo yanayojirudia. Lakini ukilinganisha vitu 100 visivyohusiana viwiliviwili unapata jozi 4,950, na kwa kigezo kilichozoeleka cha asilimia 5 (kukubali uhusiano ambao bahati tupu ingeuleta mara 5 tu katika 100), takriban 250 zitaonekana kuhusiana kwa bahati tu. Jaza jedwali la kompyuta kwa namba za kubahatisha, utaziona mwenyewe.

Nadharia huuliza sababu, tena huelekeza macho. Mwaka 1846 sayari ya Neptune ilionekana pale hesabu za nadharia ya mvutano zilipoashiria, kutokana na sayari ya Uranus kwenda kombo na njia iliyotarajiwa. Ukikutana na dai jipya, angalia kama lilipimwa kwa data tofauti na zilizolizaa.