Rikta si chombo
Chemshabongo ya gazeti, stendi ya matatu Nakuru: "Chombo cha kupima tetemeko la ardhi, herufi tano." Wote tukaandika RIKTA. Visanduku vilitosha, lakini kidokezo chenyewe kina kosa. Rikta ni jina la mtu, Charles Richter, Mmarekani aliyetangaza kipimo chake cha ukubwa wa matetemeko mwaka 1935. Neno "kipimo" ndilo linalotuponza, maana ni kifaa na pia ni kiwango. Chombo chenyewe ni seismografu, herufi 11. Tetemeko la Subukia, hapa karibu tu, lilipiga Januari 1928, miaka saba kabla ya kipimo hicho. Seismografu ziliyanasa mawimbi yake, na ukubwa wa takriban 6.9 ukakokotolewa baadaye. Na kutoka ukubwa wa 5 hadi 6, nishati ya tetemeko huongezeka karibu mara 32!