Thamani ya lishe ya sahani moja: mfano wa tambi, nguruwe na sosi ya jibini

Chini ya mapishi mengi ya mtandaoni siku hizi utakuta mstari wa tarakimu kama huu: kalori 745, protini gramu 44, wanga gramu 67, mafuta gramu 32. Hiyo ndiyo thamani ya lishe, yaani hesabu ya nishati na virutubishi vilivyomo katika kiasi fulani cha chakula. Wengi husoma tarakimu na kuruka hilo neno "kiasi", na hapo ndipo hesabu inapowapotea.

Tarakimu hizo ni za sufuria moja iliyogawiwa watu wanne. Ndani yake kuna tambi kavu gramu 300, mnofu wa mgongo wa nguruwe wenye mafuta kidogo gramu 400, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kukaangia. Sosi ina maziwa mililita 400, jibini la cheddar gramu 150, siagi gramu 30 na unga wa ngano gramu 30. Hakuna maabara iliyohusika. Mpishi, au programu aliyoitumia, huangalia kwenye jedwali la vyakula gramu 100 za kila kiungo zina nini, huzidisha kwa uzito alioutumia, hujumlisha, kisha hugawa kwa idadi ya walaji. Programu nyingi hutegemea jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kwetu pia yapo: la Tanzania lilitolewa mwaka 2008 na la Kenya mwaka 2018, na hayo ndiyo ya kufungua ukitaka kujua habari za vyakula vya kwetu.

Kalori zenyewe hutokana na kanuni ya Wilbur Atwater, mkemia wa Kimarekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Gramu moja ya protini huhesabiwa kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. (Kwa usahihi ni kilokalori, lakini hakuna anayesema hivyo mezani.) Jaribu kwa sahani yetu: 44 mara 4, jumlisha 67 mara 4, jumlisha 32 mara 9, unapata 732. Haikufika 745 kwa sababu majedwali hutumia viwango vinavyotofautiana kidogo kwa kila chakula, na kila mahali kuna kukadiria. Tofauti ya kalori 13 isikunyime usingizi. Hata kwa vyakula vya pakiti, Marekani huruhusu kalori zikipimwa zizidi zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20.

Sasa, mtu akiona neno nguruwe kwenye jina la chakula, moja kwa moja lawama ya mafuta humwangukia nguruwe. Tuhesabu. Sufuria nzima ina mafuta gramu 128 hivi. Mnofu wote ule umechangia gramu 23 tu. Jibini peke yake limeleta 50, siagi 24, maziwa 13. Kwa hiyo sosi, ambayo machoni ni kama kipambo cha juu, imebeba theluthi mbili ya mafuta yote. Kwa msomaji asiyekula nguruwe, weka kidari cha kuku kisicho na ngozi kwa uzito uleule: utapunguza kalori kama 23 kwa sahani. Punguza jibini kutoka gramu 150 hadi 75, nyama ibaki ileile, na umeondoa kalori 75 kwa kila sahani.

Hesabu hii lakini inashika kwa mnofu wa mgongo pekee. Ukienda buchani ukafungiwa nyama ya tumbo, ile yenye matabaka ya mafuta, mambo yanageuka kabisa. Gramu 100 za mnofu mbichi zina mafuta kama gramu 6. Za tumbo zinapita 50. Weka gramu 400 za tumbo na kila sahani inapanda kutoka kalori 745 hadi kama 1,120, wakati mapishi bado yanasema tu "nyama ya nguruwe". Wapenzi wa kitimoto wa Dar es Salaam wanajua kipande kipi kinawavutia; jedwali nalo lazima liambiwe.

Mtego mwingine uko kwenye mizani. Tambi kavu gramu 100 zina kalori 370 hivi, na zilizochemshwa gramu 100 zina kama 158. Hakuna kilichopotea, ni maji yameingia. Nyama hufanya kinyume: hutoa maji jikoni, na gramu 100 mbichi zinaweza kubaki kama 75. Mtu anayepima tambi zilizoiva halafu akasoma mstari wa tambi kavu atajihesabia zaidi ya mara mbili ya alichokula. Tambi za papo kwa papo ni kitu kingine tena, kwa kuwa nyingi hukaangwa kiwandani na huja na mafuta yake.

Kalori na mafuta havimalizi habari ya sahani. Hii yetu ina protini nyingi kwelikweli: gramu 44 zinakaribia 50, kiwango ambacho lebo za Ulaya hukitumia kama rejea ya mtu mzima kwa siku nzima. Jibini na maziwa vinaleta kalsiamu kama miligramu 385, zaidi ya theluthi ya miligramu 1,000 anazohitaji mtu mzima. Nguruwe naye ana sifa yake isiyosemwa sana: ana vitamini B1 nyingi kuliko ng'ombe au kuku.

Upande wa pili kuna mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda yakipoa. Sahani moja ina gramu 15 hivi, na rejea ya Ulaya kwa siku ni 20. Chumvi inategemea mkono wa mpishi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Jibini limeshaweka zaidi ya nusu gramu kwenye kila sahani kabla hujafungua kopo la chumvi. Kijiko kimoja cha chai kwenye sufuria kinaongeza gramu moja na nusu kwa kila mlaji. Nyuzinyuzi ni gramu 2 na kidogo, wakati shirika hilohilo linataka angalau 25 kwa siku, na vitamini C ni kama haipo. Kachumbari na mchicha pembeni vina kazi hapo, na kalori zake ni chache mno kuharibu hesabu.

Turudi kwenye kiasi. Sufuria yetu ina kalori 2,980 hivi. Mwandishi wa mapishi akiandika "watu sita" badala ya wanne, sahani inashuka kutoka 745 hadi kama 500 bila kuondoa hata punje ya jibini. Si uongo, ila mimi sijaona watu sita wazima wakitosheka na gramu 300 za tambi. Ndiyo maana napendelea utaratibu wa Umoja wa Ulaya, ambako pakiti lazima ionyeshe thamani ya gramu 100, na ya mgao ni nyongeza.

Nyumbani unaweza kufanya vivyo hivyo. Pima sufuria tupu kwanza, pika, kisha ipime tena ikiwa na chakula na utoe uzito wa sufuria. Tuseme umebaki na kilo moja na nusu. Gawa 2,980 kwa 15 na unapata kama kalori 200 kwa gramu 100. Aliyepakua gramu 250 amekula 500; aliyepakua 450 amekula 900, na wote wawili watasema wamekula sahani moja.