Kiko cha jiwe au cha mti: kwa nini kimoja hutaka ukoko na kingine huukataa?

Mzee wa kandokando ya Ziwa Victoria aliyezoea kiko cha udongo wa kufinyanga huenda akashangaa kusikia kwamba wapenzi wa viko hubishana zaidi juu ya aina mbili, cha jiwe na cha mti, na kwamba ukoko wa masizi unaokilinda kimoja ndio unaokipasua kingine.

Jiwe lenyewe ni sepiolaiti, ambayo Wajerumani huiita Meerschaum, yaani povu la bahari. Jina limefaa, kwa kuwa ni jeupe, jepesi, na likikauka huelea majini. Mkazi wa Mwanza, aliyekulia kati ya majabali ya matale, atasita kuliita jiwe kitu kinachokwaruzika kwa ukucha. Lililo maarufu zaidi huchimbwa Eskişehir, Uturuki, lakini hata Tanzania limechimbwa, huko Sinya, wilayani Longido, na kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ikalitumia kutengeneza viko vilivyouzwa kwa jina la Kiko. Kwa Mswahili, hiyo ni sawa na kuuza chungu kiitwacho Chungu.

Siri ya jiwe hili ni vitundu vyake visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunyonya unyevu na utomvu mweusi wa tumbaku, hivi kwamba kiko kilichopakwa nta ya nyuki hugeuka polepole kutoka weupe hadi rangi ya asali, kisha kahawia. Ukoko ukiachwa unenepe ndani yake, hutanuka kwa joto kuliko jiwe linavyoweza kustahimili, nalo hupasuka. Ndiyo maana hufutwa kila baada ya kuvuta.

Kiko cha mti hutokana na uvimbe ulio kati ya mizizi na shina la Erica arborea, kichaka cha pwani za Mediterania ambacho pia huota katika milima ya Afrika Mashariki. Uvimbe huo huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi au hata miaka. Una silika, yaani madini kama yale ya mchanga, hivyo hauungui upesi. Hata hivyo mti ni mti, na ukoko mwembamba, mfano wa ule wa wali chunguni, huukinga na moto. Baada ya kuvutwa, kiko hiki hupumzishwa siku nzima kikauke, ilhali cha jiwe huweza kujazwa tena mara kikipoa.

Kwa afya havipishani, kwani moshi wa tumbaku hudhuru vilevile. Kwa matumizi, mimi ningempa cha jiwe anayevuta akiwa ametulia barazani na mwenye subira ya kuitazama rangi ikikomaa. Mvuvi anayeruka kutoka mtumbwini hadi mwambani ningempa cha mti, kwa sababu cha jiwe kikimponyoka mara moja tu ataokota vipande.