Hivi melatonini inaulindaje moyo baada ya opareshini kubwa?

Mimi nilijua jibu kabisa: melatonini si ndo vile vidonge vya usingizi, basi mgonjwa akitoka opareshini anapewa, analala fofofo, moyo unapumzika, kwisha habari. Na nikawa nawafundisha wenzangu hivyo. Kumbe nilikuwa napotosha.

Melatonini sio dawa ya kulaza mtu. Ni homoni ya kitezi kidogo katikati ya ubongo, kama punje ya mchele hivi, na kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba giza limeingia. We muangalie panya, usiku ndo anakesha anatoboa magunia, na melatonini yake inapanda usiku huohuo kama yetu, ingekuwa inalaza tu mbona tungepumzika. Hata aliyeipata mwaka 1958, Aaron Lerner wa Yale, alikuwa daktari wa ngozi anahangaika na dawa ya mabaka, akaichuja kutoka kwenye tezi za ng'ombe, akaona inapausha ngozi ya chura. Usingizi haukuwa lengo lake.

Sasa moyo. Chukua opareshini ya kurekebisha mshipa mkuu uliovimba tumboni: mshipa unabanwa, damu haishuki miguuni, baadae unaachiwa. Ungedhani hatari ni pale damu ilipokatika tu, na kweli ipo, ila umeme ukikatika friji inazima na nyama inaharibika polepole, friji yenyewe inaungua umeme ukirudi kwa kishindo. Seli ndo hivyohivyo. Zikikosa oksijeni, kule kwenye mitokondria (jenereta zake) mambo yanarundikana, oksijeni ikirudi ghafla jenereta zinatema cheche, yaani kemikali kali zinazochoma seli, na damu inasambaza vurugu hiyo mpaka kwenye moyo ambao tayari umechoka. Melatonini inapenya kirahisi hadi ndani ya mitokondria na kuzidaka hizo cheche. Ndo stabilaiza yetu, angalau kwa panya wa maabara.

Kwa watu? Denmark walijaribu, matokeo yakatoka 2014: miligramu 50 wakati wa opareshini hiyohiyo ya mshipa, kisha 10 kila usiku kwa siku tatu. Waliopata matatizo ya moyo ni mmoja kati ya 26 waliopewa melatonini, wakati kwa waliopewa dawa hewa (isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia) ni saba kati ya 24. Tamu sana, ila watu 50 ni abiria wa koasta mbili.

Halafu Hispania wakaipima kwa wagonjwa 146 wenye shambulio la moyo, mshipa ukizibuliwa wanapewa, 2017 wakatangaza haikusaidia kitu. Baadae wakachambua upya, walioipata mapema wakaonekana kufaidika na waliochelewa kuumia zaidi, lakini na wewe ukishaanza kukatakata watu 146 vijikundi vijikundi, hesabu zitakwambia unachotaka kusikia.